Mashine ya pini za moto ya kushonea kava za pikipiki: nimeitumia miezi 5, majibu yangu haya hapa

Wakuu habari zenu. Hii ripoti nimeichelewesha makusudi, nilisema siandiki chochote mpaka masika iishe na pikipiki ipige matope na rasta za kutosha, maana plastiki ukiiunganisha asubuhi jioni bado itakuwa imeshika, hata ungetumia gundi ya namna gani, kesi inaanza wiki ya pili pikipiki ikishatetemeka. Sasa miezi 5 imepita na nina la kusema.

Chombo chenyewe ni Boxer BM 150, niko nayo mwaka wa nne, asubuhi naenda nayo kazini, jioni nabeba abiria kidogo. Mwishoni mwa mwezi wa pili nimeipaki pembeni pale Mbagala Rangi Tatu nanunua maji, bajaji ikarudi nyuma dereva haangalii, ikaisukuma ikalala kushoto na kukokotwa kama hatua mbili hivi. Injini haikuguswa, usukani uko sawa, ila plastiki zikalia. Kava ya pembeni ya kushoto ikapata ufa mrefu kama kiganja na masikio mawili ya kufungia boliti yakakatika kabisa, shoo, yaani kava ya kuzunguka taa ya mbele, ikapasuka chini ya indiketa, na madigadi ya mbele, ambayo niliifunga mwenyewe ya plastiki mwaka juzi, ikachanika pale inaposhikwa na boliti.

Nikaenda dukani kuulizia. Kava oriji wanauza jozi tu, kushoto na kulia, elfu 40, upande mmoja hawakupi. Shoo elfu 35. Kuna kava za bei rahisi elfu 15 nikajaribisha palepale, tundu la juu likikaa la chini limepitiliza karibu upana wa kidole, muuzaji ananiambia "kaka hiyo unailazimisha kidogo tu inaingia", sasa kava unayoilazimisha siku ya kwanza si ndo ile ile itakayokatika sikio mwezi ujao? Nikaondoka. Fundi wangu wa mtaani naye akaniambia tupa tu hizo, plastiki haina dawa. Hapo ndo nikaamua nitatengeneza nyumbani.

Nianze na kilichoshindwa ili usirudie. Jaribio la kwanza, kwenye kava na shoo, nilitumia supaglu na beking soda, ile ya kumwaga unga kwenye ufa halafu unadondoshea gundi, inakauka palepale inakuwa ngumu kama jiwe. (Hakikisha ni beking soda siyo beking pauda ya maandazi, dukani wanachanganya sana hayo majina.) Ikikauka ukiigonga inalia kama kauri na mtu unafurahi. Mimi nilifurahi siku 9. Siku ya 10 natoka Kongowe, kava inaning'inia na boliti moja. Shida siyo kwamba gundi haishiki, inashika sana, shida ni kwamba ikishakauka haipindi, na kava ya pikipiki muda wote inatetemeka na kupinda kidogo kidogo, kwa hiyo ufa unahamia pembeni mwa gundi na unapasuka upya, na sasa hivi una nyufa mbili. Kitu kingine, usiifute supaglu na pamba wala usivae glavu za pamba, ile gundi ikikutana na pamba inachemka, unaweza kuungua kidole kweli kweli.

Gundi ya epoksi, ile ya tyubu mbili unazochanganya, niliweka kwenye madigadi. Nikakwangua na msasa, nikachanganya vizuri, nikaacha usiku mzima. Asubuhi nikaibandua na ukucha, ilitoka kama ganda la yai lililochemshwa, nzima nzima. Hapo ndo nikaanza kutafuta kwanini, na jibu ndo msingi wa haya yote ninayoandika.

Plastiki za pikipiki siyo za aina moja. Geuza kava uangalie ndani, mara nyingi kuna alama imechongwa kwenye plastiki yenyewe, >ABS< au >PP<. Kava yangu na shoo ni ABS, madigadi ni PP, yaani polipropilini. ABS inakubali gundi nyingi na inayeyuka kwenye asetoni. PP haikubali karibu gundi yoyote ya kawaida na asetoni haiigusi. Kama alama imefutika, kata kipande kidogo tupia kwenye kikombe cha maji, PP inaelea na ABS inazama. Au dondoshea tone la asetoni sehemu ya ndani isiyoonekana, ikianza kunata kwenye kidole ujue ni ABS. Dakika moja tu hiyo kazi, mimi ingeniokolea wiki mbili na pesa ya gundi.

Sasa mashine. Nimeipata Kariakoo mitaa ya vifaa vya magari, elfu 38 baada ya kuongea sana, alianzia 55. Inakuja kwenye kisanduku cha plastiki, ndani kuna bastola yenyewe, waya wa umeme, pini kama 200 zimegawanywa kwenye visehemu na pilaya ndogo ya kukatia. Haina jina la maana, zile za kuagizwa ambazo kila duka lina kibandiko chake. Pini zina maumbo tofauti, kuna za wimbi, kuna za S, kuna za kona. Na kuna nene za milimita 0.8 na nyembamba za 0.6. Kwa kava za pikipiki ambazo ni nyembamba tumia 0.6, ile nene nilijaribu kwenye shoo ikatokeza upande wa pili nikawa na kitone kinachoonekana mbele mpaka leo.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Pini ina miguu miwili, unaichomeka kwenye matundu mawili ya mdomo wa bastola, unabonyeza kitufe, umeme unapita kwenye pini na ndani ya sekunde 3 au 4 inakuwa nyekundu kama kaa. Unaikandamiza kwenye plastiki kukatiza ufa, inazama na mlio mdogo wa tsss, plastiki inavimba kuzunguka ile pini na kung'aa kama mafuta. Izamishe kama nusu ya unene hivi, kisha UACHIE KITUFE lakini usitoe mkono. Hapo ndo watu wengi wanaharibu na mimi pini zangu tano za kwanza ziliharibika hapo, ukivuta plastiki ikiwa bado laini pini inakuja na bastola na unabaki na shimo. Hesabu mpaka 8 taratibu, ule mng'ao unafifia, plastiki inarudi rangi yake ya kufifia, ndo uvute. Pini inabaki imelala ndani kama nondo kwenye zege, miguu miwili imesimama juu, unaikata na pilaya.

Kabla ya kuchoma pini kuna vitu viwili usiviruke. Kwanza toboa tundu dogo la milimita 2 au 3 kwenye ncha ya ufa, pale unapoishia, hilo tundu linausimamisha usiendelee kutembea, kama huna drili pasha msumari. Pili bana zile pande mbili na masking tepu upande wa nje mpaka zikutane sawasawa ukipitisha kidole usihisi ngazi, maana pini ikishakaa imekaa, hakuna kurekebisha. Pini zote zinapigwa upande wa ndani. Mimi kwenye ule ufa wa kiganja nilipiga 7, nikaziweka mshazari moja huku moja kule, na ya kwanza nikaianzia karibu na ukingo kwa sababu ukingo ndo unaopata shida zaidi.

Moshi wake msichukulie poa. Fanyia nje au dirishani, na ABS ikiungua inatoa harufu kali inayokaa kooni. Lakini balaa kubwa ni kuchoma pini sehemu iliyokuwa na supaglu, nilifanya hivyo kwenye shoo nilipokuwa najaribu kurekebisha lile jaribio la kwanza, macho yakawaka na kutoa machozi kama nimekatia vitunguu kilo nzima, ikabidi nitoke nje nioshe uso. Kwangua supaglu yote itoke kwanza. Na kava lazima ivuliwe kwenye pikipiki, usije ukapiga pini nyekundu ikiwa bado imefungwa chini ya tenki la petroli, hiyo naomba kabisa.

Masikio ya boliti ndo sehemu ambayo hii mashine peke yake haitoshi, na hapa wauzaji wanakuaminisha vibaya. Sikio ni kidogo, upana wa kucha ya dole gumba, limebeba boliti na mtetemo wote, ukilipiga pini moja linakaa mwezi kisha linakatika pembeni ya pini. La chini lilinifanyia hivyo. Dawa yake kwa plastiki ya ABS ni uji wa asetoni. Nilichukua kava kuukuu ya jirani yenye alama ileile ya ABS, nyeusi, nikaikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, nikaweka kwenye chupa ya jamu ya kioo, nikamimina asetoni ikafunika vipande tu, nikafunga nikaacha mpaka kesho yake. Asubuhi nakuta uji mzito mweusi unaovutika kama asali. Chupa iwe ya kioo, usiweke kwenye vikombe vya plastiki vya kutupa, vingi asetoni inavila na uji utamwagika mezani. Na asetoni ya kweli, siyo ile ya kufutia rangi ya kucha, nyingi ya hizo zimechanganywa na maji na manukato na nyingine hazina asetoni kabisa. Mimi nilipata kwa watu wanaotengeneza faiba, nusu lita elfu 8. Inashika moto haraka sana, jiko liwe limezimwa na watoto wawe mbali.

Sikio nililijenga hivi: nikapaka boliti vaselini, nikaisimamisha pale tundu linapotakiwa kuwa, nikapiga pini mbili za S kuanzia kwenye kava kuja kuzunguka boliti kama mifupa, halafu nikapaka uji kidogo kidogo juu yake kwa kijiti. Tabaka jembamba, unaacha likauke masaa kadhaa, unaongeza jingine. Nilipaka matabaka 6 kwa siku tatu. Usiwe na haraka ukaweka donge moja, juu litakauka na ndani asetoni itabaki, litajaa mapovu na kuinama. Siku ya nne nikaizungusha boliti ikatoka kwa ule ute wa vaselini, tundu limebaki duara safi kabisa, nikapiga msasa mpaka likalingana na lile la upande mwingine. Mama watoto alikuja kuangalia akaligusa akauliza "hivi lililokatika ndo lipi?" Nilifurahi sana, nasema ukweli.

Kitu ambacho fundi wengi hawakuambii, masikio hayakatiki kwa ajali tu. Nilipovua kava ya kulia ambayo haikuguswa na bajaji, nikakuta nayo sikio lina ufa mwembamba kama unywele. Sababu nikaiona palepale, ile raba ya kuzunguka boliti haipo, sijui ilidondoka lini, na boliti imekazwa chuma kwa plastiki mpaka imezama. Ukikaza hivyo plastiki haina pa kupumulia, kila rasta inakuwa nyundo. Raba nilinunua 500 kila moja na washa pana 200, nikakaza kwa mkono mpaka iguse tu na robo mzunguko. Kama kava zako ni nzima saivi nenda kaangalie hizo raba leo leo kabla hujafikiria mashine yoyote.

Madigadi ya PP. Uji wa asetoni haufanyi kitu hapa, gundi tumeshaona, ila pini zinashika vizuri kwa sababu hazitegemei kunata, zenyewe zimeng'ata. Nilipiga 5 za wimbi. Juu yake nikaongeza plastiki ya kuyeyusha, nilikata vipande vyembamba kwenye kopo lenye ile pembetatu na namba 5 ndani yake, hiyo namba ndo PP, nikayeyusha na solda ya kawaida nikivichanganya na plastiki ya madigadi yenyewe mpaka zikawa kitu kimoja. Lazima iwe PP kwa PP, kopo la namba 2 nililijaribu likalala juu kama nta, likapoa likabanduka. Pia nikaweka kebo tai mbili karibu na boliti, nimetoboa matundu kwa msumari wa moto na kushona kama kiatu. Haipendezi lakini iko chini huko kwenye matope nani ataangalia, na mpaka leo haijacheza.

Sasa baada ya miezi 5, kava ya kushoto ufa wake haujarudi, nje unaona mstari mwembamba ukichungulia kwa karibu kwenye jua. Masikio yote mawili yako imara, la chini nalivua kila nikifanya sevisi. Shoo ina ufa mpya wa sentimita 2 pembeni ya ile pini nene ya 0.8, naona ilikuwa kubwa kuliko unene wa plastiki, nitaitoa na kujaza uji. Pini tatu zimetoa kutu nyepesi hata kama kisanduku kimeandikwa hazishiki kutu, kwa hiyo ukimaliza zifunike na uji au plastiki ya kuyeyusha, usiziache wazi. Na kata miguu ya pini mpaka iguse kabisa halafu pitisha msasa, nilisahau mmoja ukachana suruali ya abiria gotini, nikamlipa ya fundi cherehani.

Mashine yenyewe kama kifaa: waya ni mfupi, kama mita moja na nusu hivi, bila ekstensheni hufanyi kitu. Mdomo unapata moto ukipiga pini 15 mfululizo, ipumzishe dakika 10. Yale matundu ya kuchomekea pini yalianza kulegea mwezi wa tatu, nikayabana na pilaya taratibu yakarudi. Kitaa kidogo cha mbele kilikufa wiki ya pili, nikarudi dukani wakaniambia taa haina waranti, sikubishana ila hapo mmenikosea, mteja anayerudi na risiti anastahili kusikilizwa. Na bila umeme haifanyi kazi, ukikatika katikati ya ufa unasubiri.

Mtu mmoja wa kijiweni aliniletea helmeti yake imepasuka pembeni akaniomba nimpigie pini kwa elfu 3. Nilikataa na nitakataa kila siku. Helmeti inakulinda kwa ile povu ngumu ya ndani ambayo ikigongwa mara moja imeshabonyea imemaliza kazi yake, hata ukishona ganda likawa zuri kama jipya kichwa chako kinabaki na kofia tu. Nilimwambia "mdogo wangu hiyo pesa iweke kwenye helmeti mpya" akanuna, lakini wiki iliyofuata nilimwona na mpya nikamsalimia kwa furaha. Vivyo hivyo kitu chochote kinachobeba uzito au kinachohusu breki na usukani, hapana. Hii ni ya kava, shoo, madigadi, mkia, boksi la betri.

Kwa pesa nimetumia 38 ya mashine, 8 ya asetoni, msasa na masking tepu elfu 3, raba na washa hazifiki elfu 3. Jumla kama 52, wakati spea zingekuwa 75 bila madigadi. Kama una kava moja tu imepasuka na hutarajii kurudia, usinunue mashine, ABS tengeneza na uji wa asetoni na kipande cha wavu mwembamba wa waya kwa ndani, itatosha. Kama mko vijana wanne watano kijiweni changeni mnunue moja, mimi tangu majirani wajue nimeshona kava 6 za watu na kila mmoja ananipa elfu 5, hiyo ni elfu 30, pesa ya mashine imekaribia kurudi.

Naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa waya na kutu. Pini nyembamba za 0.6 ndo zinazoisha haraka, nimebakiza 12, Jumamosi nikipita Kariakoo nachukua pakiti mbili za wimbi na moja ya S.